Skripti isiyojua inamtumikia nani

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie skripti ndogo ndogo za kuendesha programu za kutumiana ujumbe: zile zinazokumbusha mikutano, zinazojibu maswali yanayojirudia, zinazopeleka taarifa mahali ambapo watu wapo tayari, yaani ndani ya simu zao. Mwenye ratiba amenisihi nisianze na historia. Sawa. Nitaanza na aibu.

Usiku mmoja roboti niliyoiandika mimi ilimkaribisha mtu kwenye kundi. "Karibu sana, tumefurahi kukuona." Sekunde tano baadaye ikamkaribisha tena. Halafu tena. Mimi nilikuwa nimelala fofofo. Nilipoamka nilikuta salamu za "karibu" kwa mamia, zote za mtu yuleyule, na chini kabisa mstari mmoja wa kiongozi wa kundi akisema amelazimika kuitoa roboti. Mgeni mwenyewe alikuwa ameshaondoka kimyakimya. Nani angebaki?

Ilikuwaje? Skripti yangu ilipokea taarifa kwamba kuna mgeni, ikatuma salamu, kisha ikaandika jina lake kwenye faili la wanachama, jina la kwanza likifuatwa na la pili. Mgeni yule alijisajili kwa jina moja tu. Kwenye Telegram jina la kwanza ni lazima, la pili ni hiari, na asiyelijaza haletewi nafasi tupu. Sehemu hiyo haiji kabisa. Skripti ikatafuta kisichokuwepo, ikaanguka. Lakini salamu ilikuwa imeshatoka. Nami, kwa kujivuna, nilikuwa nimeiagiza kompyuta iifufue skripti kila inapokufa. Ikafufuka, ikaenda kwa seva ikauliza: kuna jipya? Seva ikajibu kwa uaminifu: ndiyo, kuna mgeni, kwa maana hakuna aliyeiambia kwamba mgeni huyo ameshashughulikiwa. Karibu sana, tumefurahi kukuona.

Asubuhi ile niliweka kiraka cha mstari mmoja kuhusu jina la pili, nikajiona fundi. Baada ya muda ikaanguka tena kwa jambo jingine kabisa, na kurudia ujumbe vilevile. Hapo ndipo nilipokaa chini. Nilikuwa nimefuma kazi tatu katika uzi mmoja: kupokea, kutuma, na kutunza orodha ya wanachama. Orodha ndiyo iliyokosea, lakini aliyeaibika mbele ya watu ni mtumaji, na aliyesahau kutoa taarifa ni mpokeaji. Nikazitenganisha. Sehemu ya kupokea na sehemu ya kutuma nilizoandika wiki ile bado ninazo, nimezihamisha kutoka roboti moja hadi nyingine mara nyingi. Kila kilichokuwa cha werevu katika roboti ile ya kwanza, menyu zake, utani wake, kilishakufa. Kilichodumu ni vile visehemu viwili visivyojua vinamtumikia nani. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Kwanza neno. Wengi husema boti. Mimi boti naijua ya majini, kwa hiyo nitasema roboti, ingawa haina mkono wala mguu. Na skripti ninayoisema ni programu fupi unayoweza kuisoma yote bila kusimama kunyoosha mgongo. Ikizidi hapo tuiite programu, tuipe heshima yake.

Nitaitumia Telegram kama mfano kwa sababu mlango wake wa roboti uko wazi tangu Juni 2015 na kanuni zake zimeandikwa zikaeleweka. Unazungumza na akaunti iitwayo BotFather, unaipa roboti yako jina, nawe unapewa tokeni, yaani mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi. Anayeishika tokeni ndiye roboti. Hakuna nywila nyingine nyuma yake. Kisha una njia mbili za kupata ujumbe. Ya kwanza ni kuuliza: skripti yako inaita getUpdates na kusubiri. Ya pili ni kuletewa: unatoa anwani yako ya wavuti, na seva ya Telegram inakugongea kila kunapokuwa na jambo; hiyo wanaiita webhuku. Huwezi kutumia zote mbili kwa wakati mmoja. Kuletewa kunadai seva yenye anwani inayofikika kutoka nje na cheti cha usalama. Kuuliza hakudai chochote. Kompyuta ya mapajani inatosha. Anzeni na kuuliza.

Sasa, kila tukio linalokujia lina namba, na namba zinapanda. Unapouliza tena unataja namba ya mwisho uliyoipata ukiongeza moja, na seva inachukulia kwamba yote yaliyotangulia umeyapokea, inayafuta. Usipotaja, yanakungoja, lakini si zaidi ya saa 24. Namba hiyo moja ndiyo moyo wa skripti ya kupokea, na swali linalonifanya nisimame mbele yenu ni hili: unaisogeza lini? Kabla ya kufanya kazi, au baada?

Ukiisogeza kabla, kisha ukaanguka katikati ya kazi, tukio lile limepotea, hakuna atakayelikumbuka. Ukiisogeza baada, kisha ukaanguka katikati, litarudi, na kile ulichokuwa umeshakifanya utakifanya tena. Kuna anayesema: basi niandike pembeni kwamba salamu imeshatumwa. Vizuri, nawe unaandika kabla ya kutuma au baada? Umelihamisha swali tu, hujalijibu. Nimeona watu wakizunguka hapo siku nzima wakitafuta mpangilio usio na mwanya. Mwanya upo daima, kwa sababu kutuma kunatokea kwenye kompyuta ya mwingine na kukumbuka kunatokea kwenye yako, na kati ya hizo mbili umeme unaweza kukatika.

Kwa hiyo uliza kinachoumiza zaidi ni kipi, kukosa au kurudiwa. Salamu ikikosekana, hakuna anayelia. Tahadhari kwamba diski ya seva inakaribia kujaa, afadhali ije mara mbili kuliko isije. Skripti yangu ya kupokea inamlazimisha anayeiita aseme mwenyewe: "kabla" au "baada". Asiposema, inakataa kuanza. Wenzangu wamenilaumu kwamba kifaa kizuri kinapaswa kuwa na chaguo lake la kuanzia. Kwa mambo mengi nakubali. Kwa hili nimekataa makusudi, kwa sababu mimi mwandishi wa kisehemu kile sijui kama unatuma salamu au tahadhari, na sitaki kujua.

Nimeongeza jambo moja tu juu ya hilo. Kwa wanaochagua "baada", tukio lililoiangusha skripti mara tatu linawekwa kwenye faili la pembeni, namba inasogezwa, na kazi inaendelea. Nalisoma faili lile kila ninapopata nafasi. Ndani yake nimekutana na watu wenye jina moja, picha zisizo na maneno pale nilipotarajia maneno, ujumbe uliohaririwa baada ya kutumwa, na mtu aliyeandika jina lake lote kwa vikatuni.

Kutuma nako kuna adabu yake. Telegram inashauri usizidishe ujumbe mmoja kwa sekunde katika mazungumzo mamoja, 20 kwa dakika katika kundi, na kama 30 kwa sekunde ukijumlisha wote unaowatumia. Ukizidisha unarudishiwa namba 429 pamoja na idadi ya sekunde za kusubiri. Anayeanza hunyunyizia amri ya kulala sekunde moja kila mahali katika msimbo wake kama chumvi. Skripti ikiwa na watu watatu inachelewa bila sababu, ikiwa na watu elfu bado inagonga ukuta. Kusubiri kukae mahali pamoja tu, ndani ya ile kazi moja inayotuma, na kila kitu kingine kipitie hapo. Seva imekuambia subiri sekunde 17, subiri 17. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huku mguu wenyewe ni kuzidi kufungiwa.

Uzuri ni kwamba 429 si ya Telegram peke yake. Iliingizwa rasmi katika orodha ya majibu ya wavuti mwaka 2012, ikiwa na maana ya maombi mengi mno, na programu nyingine za ujumbe zenye mlango wa roboti zinaitumia vilevile. Skripti inayoielewa 429 umeiandikia zote.

Lakini si kila kosa ni la kujaribu tena, na hapa ndipo skripti nyingi nilizowahi kuombwa kuzitengeneza zinapokosea. Namba za 500 na kuendelea: seva yenyewe inaumwa, rudi baadaye. 400: ulichotuma kina kasoro, na ukikituma mara mia kitakuwa na kasoro mara mia; andika kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu za yaliyotokea, kisha endelea. 403: mtu amekufungia au roboti imetolewa kwenye kundi. Huyo mwondoe kwenye orodha yako. Amekuambia hapana kwa njia pekee aliyonayo. Halafu kuna kosa baya kuliko yote, la kutojibiwa kabisa: umetuma, intaneti imekatika, hujui kama ujumbe ulifika. Mnaona tumerudi palepale pa kukosa na kurudiwa. Jibu ni lilelile, anayeita aseme.

Kukata maandishi marefu sitakawia nako. Ujumbe mmoja wa Telegram una kikomo cha herufi 4096, Discord, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, kwa kawaida ni 2000. Andika kazi inayopokea maandishi na kikomo, ikate kwenye mwisho wa aya. Isipowezekana, mwisho wa sentensi. Isipowezekana, penye nafasi. Kikomo kisiandikwe ndani yake, kiletwe kutoka nje. Na ukiweka maneno ya wino mzito, jihadhari usikate katikati ya alama zake, maana utarudishiwa ile 400. Mimi nimeacha mapambo kabisa, na hakuna aliyelalamika.

Turudi kwenye kutojua, kwa sababu hapa kuna mtego ambao haufanani na mtego. Kila kundi lina namba yake ya utambulisho, na ni rahisi sana kuibandika namba hiyo ndani ya skripti: kundi ni moja, halihami, kuna ubaya gani? Linahama. Kundi la kawaida la Telegram likipandishwa kuwa kundi kubwa linapata utambulisho mpya, na ukituma kwa ule wa zamani unarudishiwa kosa lenye utambulisho mpya ndani yake. Jambo hilo hutokea bila wanachama kuhisi lolote. Kwao kundi ni lilelile, picha ileile, majina yaleyale. Skripti yenye namba ndani ya tumbo lake inanyamaza siku hiyo, na mwenye nayo anasema Telegram imeharibika. Skripti inayosoma namba kutoka faili la mipangilio inaweza kulisoma kosa lile, kubadilisha mstari mmoja kwenye faili, na kutuma tena.

Tokeni ndiyo kabisa. Wengi mnajua isiwekwe ndani ya msimbo, kwa sababu msimbo huenda Git, chombo cha kutunza kila toleo la msimbo, na Git haisahau: ukiifuta leo, toleo la jana bado linayo. Kisichojulikana sana ni kwamba kwenye Telegram tokeni ni sehemu ya anwani yenyewe unayoiita. Muunganisho ukikatika, maktaba nyingi za wavuti huchapisha anwani nzima ndani ya maelezo ya kosa. Logi yako sasa ina tokeni. Kisha unaomba msaada, unabandika logi mbele ya watu usiowajua ili wakuonyeshe kosa. Nimeliona hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Ndani ya ile kazi ya kutuma, weka mistari miwili inayofuta tokeni kwenye maelezo ya kosa lolote kabla halijaandikwa popote. Ikiwa umeshachelewa, BotFather hubatilisha tokeni ya zamani na kukupa mpya kwa amri moja. Fanya hivyo kabla ya kujilaumu.

Sasa nitawavunja moyo kidogo wale wanaopenda kujenga. Baada ya kufurahia vile visehemu viwili, nilijiambia: kwa nini visiwe vyote hivi? Nikaandika kifaa kikubwa cha kutengenezea roboti yoyote. Kilikuwa na faili la mipangilio lenye vipengele zaidi ya arobaini, na roboti ya kwanza niliyoitengeneza nacho ilihitaji cha arobaini na ngapi sijui. Nilikuwa najibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Siku hizi roboti ya kwanza naiandika kwa fujo. Ya pili, nanakili na kubandika bila haya. Ikifika ya tatu nafungua zote tatu kando kwa kando natazama: mistari ipi imebaki vilevile bila mimi kuigusa? Hiyo naitoa nje, naipa jina, naandika majaribio yake. Mara nyingi ni mistari ishirini au thelathini, na mara nyingi ni ile ya kuchosha: kusubiri, kukata, kusoma mipangilio, kuandika tarehe.

Kwa kuwa nimetaja tarehe: hesabu zako za ndani ziwe katika saa za UTC, zile za pamoja za dunia nzima, na saa ya msomaji iongezwe mwishoni kabisa, wakati wa kuandika ujumbe. Na ukiipa cron, ile programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, kazi ya kuiamsha skripti kila asubuhi, jua kwamba cron haijui njia za faili ulizozoea unapoandika amri kwa mkono. Andika njia kamili. Basi, hayo yanatosha.

Mwenye ratiba alikataa historia mwanzoni. Katikati hakusema kitu.

Mwaka 1988, katika Chuo Kikuu cha Oulu nchini Finland, Jarkko Oikarinen aliandika IRC, mfumo wa watu wengi kuzungumza kwa maandishi papo kwa papo. Haikuchukua muda watu wakaanza kuweka roboti ndani yake za kulinda vyumba na kujibu maswali. Eggdrop, mojawapo ya zinazojulikana zaidi, ilianza mwaka 1993 na hadi leo inaendeshwa kwa skripti ndogo ambazo kila mtu anajiandikia. Mei ya mwaka huohuo kanuni za IRC zilichapishwa katika waraka uitwao RFC 1459, na ndani yake kuna aina mbili za ujumbe. Moja, PRIVMSG, ni ya mazungumzo ya kawaida. Nyingine, NOTICE, inafanana nayo kwa karibu kila kitu isipokuwa sharti moja: mashine isijibu NOTICE yenyewe, kamwe. Sababu imetajwa: kuzuia roboti mbili zisijibizane bila kikomo. Roboti ikijibu kwa NOTICE, roboti ya upande wa pili inajua inyamaze.

Nililisoma hilo miaka mingi baada ya usiku wangu wa salamu, nikacheka peke yangu. Mkanganyiko wangu haukuwa uleule hasa, mimi sikuhitaji hata roboti ya pili; nilijizungusha mwenyewe. Ila tangu hapo mpokeaji wangu hutazama kwanza aliyetuma. Telegram huweka alama kwenye ujumbe ikiwa mtumaji ni roboti. Ikiwa ni roboti, hajibiwi. Kuna mifumo ambayo roboti yako huletewa hata maneno iliyoyasema yenyewe, na ukaguzi huo wa mstari mmoja ndio unaokuacha ulale.

Kuna aliyeniuliza kabla sijapanda hapa kuhusu kuiendesha akaunti yake binafsi kwa skripti, ajibu watu akiwa amelala nao wadhani ni yeye. Discord inakataza wazi. WhatsApp nayo hairuhusu programu zisizo rasmi zinazojifanya ni simu ya mtu, na akaunti hufungiwa. Lakini hata pasingekuwa na katazo nisingekusaidia. Roboti ya Telegram haiwezi kumwandikia mtu ambaye hajaianza yeye, na ndani ya kundi, isipobadilishwa, inaona amri na majibu yanayoielekea tu, si mazungumzo yote. Watu hunijia kulalamika kwamba huo ni usumbufu. Kwangu ni mipaka mizuri, na ninapoandika skripti ya mfumo usio nayo, naiweka mwenyewe: orodha ya waliokubali, na neno moja la kujitoa linalofanya kazi mara ya kwanza.

Namalizia na lile la kufanya leo, kwa sababu mmekuja na kompyuta. Kabla ya kuandika kazi ya kutuma, andika ya bandia: jina lilelile, inapokea vitu vilevile, lakini badala ya kutuma inachapisha kwenye skrini yako, ikiambatanisha saa. Iunganishe roboti yako yote na hiyo ya bandia kwanza. Iue katikati ya kazi kwa makusudi, mara kumi, uiwashe tena, uhesabu salamu zilizochapishwa. Mwite mgeni wa kubuni mwenye jina moja. Ukiridhika ndipo uweke ile inayotuma kweli, na hutahitaji kugusa kitu kingine.

Lugha ya programu ni yoyote unayoijua; maombi yenyewe ni ya wavuti ya kawaida, na nimewahi kuyafanya kwa curl peke yake, amri ya kutuma maombi ya wavuti. Yangu iko katika Python, faili tatu: pokea, tuma, kata. Nimeziweka kwenye mashine ile ya pembeni, bila tokeni. Tuanze na wa mstari wa mbele.